Watoto wetu wavae suruali ndefu msimu wa baridi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu kaptula za wanafunzi wa kiume wa shule za msingi huku Nyanda za Juu Kusini.

Juni na Julai, Uporoto, Makete na Njombe huamka na baridi kali, na mahali pengine barafu hutanda juu ya majani. Saa kumi na mbili asubuhi utawaona vijana wakienda shule, magoti yamepauka na kupasuka, soksi zimevutwa juu hadi zimelegea. Wakifika darasani, hukunja miguu ndani ya sweta. Mtoto wa hivyo atashikaje kalamu?

Kaptula hii haikutoka kwa babu zetu. Waingereza waliotawala Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliwavika askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi lao la kikoloni) kaptula za kaki. Matarishi na watumishi wa nyumbani nao wakavishwa hivyo hivyo, watu wazima wenye wake na watoto! Kwao Uingereza, suruali ndefu ilikuwa alama ya mvulana kukua. Hata leo kwetu, mwanamume akienda msibani na kaptula, wazee watamtazama vibaya.

Siichukii kaptula. Kwa mpira na kwa joto la Kyela inafaa sana. Ninachoomba ni kamati za shule na wazazi wakubaliane: Juni hadi Agosti, suruali ndefu ya rangi ileile ya sare iruhusiwe, na asiyekuwa nayo asirudishwe nyumbani.

Mzazi,
Uyole, Mbeya