Idi ya tano, masika ya tano: salamu za diwani kwa wakazi wa kata yetu

Asalaam alaykum ndugu zangu. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Mliozoea nianze na kauli mbiu mtanisamehe, leo sina.

Naandika jioni ya Jumapili, Machi 30, 2025, mwezi 29 Ramadhani kwa hesabu ya wengi wetu hapa Dar es Salaam. Wapo wenzetu waliokwisha kula Idi leo, na sahani yao imeshafika nyumbani kwangu, imefunikwa kawa, inanitazama. Sisi wengine tunangoja. Mwezi ukiandama, Idi ni kesho. Usipoandama tunakamilisha 30 na mchele utalala gunia. Vyovyote itakavyokuwa, Idi Mubaraka. Mungu azitakabali funga zetu, na ninyi mlio katikati ya Kwaresima awafikishe salama Pasaka, Aprili 20. Mwaka huu mifungo miwili imetukuta pamoja karibu Machi nzima. Mama lishe wa pale kituoni ananiambia hajawahi kuuza wali kidogo namna hii mchana, wala mihogo ya nazi nyingi namna hii jioni.

Hii ni Idi el-Fitri yangu ya tano nikiwa diwani wenu, na ya mwisho kwa kipindi hiki, maana Oktoba ni uchaguzi. Nimekaa nikahesabu, nikakuta zote tano zimeangukia masika. Ya 2021 ilikuwa katikati ya Mei, mvua zikielekea kukata. Ya 2022 mwanzoni mwa Mei. Halafu Aprili 22, halafu Aprili 10, na sasa mwisho wa Machi, masika yenyewe ndiyo kwanza yanapiga hodi. Mvua hufuata jua, Ramadhani hufuata mwezi na hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, basi miaka hii yote vimekuwa vikikutana mlangoni kwetu. Miaka inayokuja Idi itatangulia masika. Diwani ajaye, nikiwa mimi au mwingine, atasali kwenye uwanja mkavu. Msije mkadhani ni kazi yake.

Idi ile ya kwanza niliharibu. Tumetoka kusali, kanzu nimeipandisha, viatu mkononi, tunavuka pale mtaroni pamoja, nikasema kwa sauti ya mtu aliyeshinda uchaguzi juzi: "Idi ijayo tutavuka hapa tumevaa viatu." Sikuwa nimeuliza hata barabara ile ni ya nani. Tangu 2017 barabara za mitaani kwetu ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Halmashauri imebaki na taka, zahanati, shule za msingi, masoko. Diwani hapewi katapila. Anapewa kiti kwenye Baraza la Madiwani, uenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na miguu yake mwenyewe ya kwenda kubisha hodi. Idi ya pili tukavuka tena viatu mkononi. Mzee mmoja wa bondeni akanisimamisha, akaniangalia miguu, akasema: "Idi Mubaraka, mheshimiwa." Hakuongeza neno. Nimetukanwa sana kwenye kazi hii, lakini "mheshimiwa" ile bado naisikia.

Kalavati lilijengwa mwaka wa tatu. Lilipita kwenye kamati ya kata, likaingia kwenye vipaumbele, bajeti moja ikaliruka, iliyofuata ikalikumbuka. Siku hizi sisemi "nitawajengea". Nasema "nitaliulizia", na nikirudi nawaambia nilichojibiwa, hata kama ni "bado". Najua halichangamshi mkutano wa hadhara.

Ya mwaka jana hakuna aliyeisahau. Mvua ilianza kabla ya daku na haikukata. Wenye nyumba za bondeni walikuwa wameshapembua mchele, wengine wameshakaanga vitunguu vya pilau. Maji yakaingia bila hodi. Nilifika na tochi nikakuta kina mama wanapandisha mlimani sufuria kichwani, na vijana wa kwaya wa kanisa la jirani wamevua mashati, wanabeba magodoro ya watu ambao kesho yake ni sikukuu. Asubuhi uwanja ulikuwa bwawa. Tukasali msikitini, waliokosa nafasi wakajipanga nje chini ya turubai. Pilau la nyumba sita likapikwa kwenye baraza moja, la mama ambaye si Mwislamu, na alikataa katakata kuni zake zilipwe. Wazee wa kule chini walikumbuka mafuriko ya Desemba 2011, majirani walipohamishiwa Mabwepande. Baadhi yao wamesharudi. Mtu harudi bondeni kwa kupenda maji. Anarudi kwa sababu kibarua kiko huku na nauli ni pesa.

Maji yalipopungua tukaingia kwenye mtaro ule ule, wenye kalavati jipya. Tulitoa godoro la futi tano kwa sita. Tulitoa ganda la friji, mlango umefungwa vizuri. Pampasi hazihesabiki, viroba vya takataka vimefungwa kamba kama zawadi. Nilikimbizana na kalavati miaka mitatu, kumbe sisi wenyewe tuliliziba kwa msimu mmoja. Siwataji walioweka, ingawa lile godoro wengi tulilitambua.

Ndiyo maana jana nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, na ilikuwa mwezi 28. Nilitegemea watu kumi. Nikawakuta wenye funga wameshaingia mtaroni na majembe saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali, na wasiofunga wakayanywea maji yao nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa, kwa adabu, bila kuambiwa na mtu. Mtaro umefunguka mpaka chini. Kama mvua itakuja usiku huu, itapata njia.

Mengine nitayapitia haraka. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani nne kwa wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 na imerejea. Vikundi ambavyo katiba zake bado ziko kwenye droo, zileteni kwa afisa maendeleo ya jamii. Ule ugomvi wa ukuta umekwisha, wahusika wamefuturu pamoja Alhamisi na nimeona kwa macho yangu. Na muziki wa baa: sikuandika barua. Nilikwenda nikakaa, nikaagiza maji ya kufungulia, nikamwomba mwenyewe apunguze mpaka tarawehe iishe. Amepunguza mwezi mzima. Nashukuru, na naona haya kidogo kwamba miaka ya nyuma niliandika barua.

Watoto watapita kuomba mkono wa Idi, wapeni mlicho nacho. Ila mwaka huu kuna watu wazima watakaopita kutoa mkono wa Idi, kanga na mchele, huku wakiuliza kama una kitambulisho cha kupigia kura. Mimi sitapita na kanga. Fitri yangu imeshakwenda kwa wanaostahili kwa mkono wa wajumbe wa mashina, na wenye kustahili hawakuulizwa chochote. Nanyi mnaodaiwa fitri, itoeni kabla ya sala, isije ikageuka sadaka ya kawaida.

Sala ni uwanjani, mvua ikinyesha ni msikitini. Njooni na majamvi yenu. Guta la taka litapita jioni ya Idi, nimeshaongea na vijana, kwa hiyo mifupa na maganda vikae kwenye kiroba mpaka lifike. Lango langu litakuwa wazi toka saa nne. Kuna kaimati, kuna tambi, na mwenye shida ya mtaa aje nayo, nitaisikiliza huku tunakula.

Upande wa magharibi mawingu yametanda. Vijana watatu wako juu ya paa la madrasa wanabishana kama walichokiona ni mwezi au taa ya mnara wa simu. Nakwenda kufungua redio.