Vijana wa kwaya, yule mama bado anawadai

Bwana Yesu asifiwe wanangu. Naandika usiku huu sababu usingizi umegoma, na nikisema mbele yenu jumapili najijua, nitapandisha sauti mtaanza kunong'ona mzee kashaanza.

Juzi mchungaji kahubiri Yakobo 1, tuwe watendaji wa neno na sio wasikiaji tu. Mkashangilia, hubiri babaaa, simu juu zinarekodi, na kabla sijavua viatu nyumbani mjukuu wangu ananionyesha kipande hicho hicho kwenye stetasi za watu saba. Sawa. Sasa pale nje ya geti alikaa yule mama aliyewapikia wali maharage siku 3 za semina, anawadai 180,000, na mlimpita wote "shalom mama, shalom mama", mmoja akamwambia tutaongea wiki ijayo. Mama kaitikia shalom. Mimi nilikuwa nyuma yenu, niliuona uso wake.

Kumbukumbu la Torati 24 inasema kibarua maskini alipwe siku ile ile kabla jua halijachwa, maana roho yake iko hapo, asije akamlilia Bwana ikawa dhambi kwako. Na huyo huyo Yakobo mliyemrekodi, mngeendelea mpaka sura ya 5 mngekuta ujira uliozuiliwa unapiga kelele zimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Yani nyie mmefunga mnaomba Mungu awasikie, na huku mama naye analia kwa Mungu huyo huyo, sijui mnategemea nini.

Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri wa Luka 19, Yesu alipoingia kwake hakusema nimebarikiwa sana na ujumbe. Alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Neno likishaingia mtu hutaja kiasi na hutaja jina la anayemdai. Ezekieli 33 kuna watu walikuwa wanaenda kumsikiliza nabii kama wanaenda kusikiliza wimbo mtamu, wakitoka hawatendi hata moja, na nyie ndo wanakwaya, nawaachia hapo.

Mimi sio malaika. Zamani fundi alinijengea choo nikamzungusha njoo kesho njoo mwisho wa mwezi, mpaka akahama mji na hela yake ninayo. Nimeulizia miaka mingi sijampata. Likisomwa andiko la Zakayo huwa naangalia chini.

Na sisi wazee ndo tumewafundisha hivi, tusijifiche. Spika mpya za kanisa tulilipa keshi siku hiyo hiyo, mlinzi anayezilinda usiku mshahara wake tunasema mvumilie Mungu atatenda. Mungu atatenda nini wakati hela iko kwenye sanduku la sadaka?

Mengine nayataja tu. Someni sura nzima sio mstari mmoja wa kuposti. Neno likikuchoma usimgeukie jirani kwa kiwiko. Wale wawili wa sauti ya pili mlionuniana tangu pasaka, mnajijua.

Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa kwa yule mama, naanza na 30,000 yangu. Mweka hazina aje na daftari. Na simu ziacheni nyumbani, hatuendi kurekodi.

Babu yenu, mzee wa kanisa