Mwache Zuhura Aende Msalato

Tanga, Desemba

Shoga yangu Mama Zuhura,

Salamu nyingi kwako, kwa baba watoto na kwa wote hapo Pangani. Sisi wazima, bibi naye miguu imepata nafuu. Habari ya Zuhura kuchaguliwa Msalato, ile shule ya bweni ya wasichana wenye vipaji kule Dodoma, ilinifikia niko jikoni, nikapiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza kuna harusi ya nani. Hongera sana!

Ila ulipoandika kwamba baba yake anataka abaki shule ya kata, hapo hapo nyumbani, eti mtoto mwenye akili hufaulu popote, nikaona jibu langu haliwezi kuwa la simu. Jambo hili limenikaa moyoni, maana hata huku limetugawa wazazi.

Mwezi uliopita tuliitwa mkutano katika shule ya msingi anayosoma mwanangu wa mwisho. Tukaambiwa kwamba matokeo ya upimaji wa darasa la nne yakitoka, watoto watagawanywa: wenye alama za juu wataingia mkondo A, mwalimu wa hisabati atakuwa wao peke yao, na wazazi wao watachangia kambi ya masomo ya jioni. Waliobaki, mkondo B. Baba mmoja, fundi mashua, akasimama kuuliza mtoto wa B atafundishwa hisabati na nani. Hakupata jibu la maana. Mama mwingine naye akasema kitu kilichonigusa: mwanawe humaliza zoezi wenzake wakiwa bado wananakili swali, na kwa kuwa darasa lina watoto zaidi ya 80, hakuna anayempa kazi nyingine. Anakaa tu, anaanza utundu, anachapwa. Mtoto huyo naye anaonewa, Mama Zuhura. Tusimfanye kana kwamba hana shida kwa sababu anafaulu.

Mzee mmoja akamtaja Mwalimu Nyerere, kwamba alitolewa shule ya Mwisenge kule Musoma akapelekwa shule ya Tabora kwa sababu ya akili zake, na nchi ikafaidika. Kweli kabisa. Lakini Mwalimu alianza shule akiwa na umri wa miaka 12 hivi! Watoto wetu, walimu wanataka kuwachuja wakiwa na miaka kumi, kwa mtihani mmoja, pengine siku hiyo mtoto ana homa. Mimi nilisimama nikasema hivyo, na nitasema tena.

Najua kinachowasukuma walimu. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora tangu Januari 2023, lakini huku chini, kwenye kata na wilaya, shule bado zinalinganishwa na mwalimu mkuu anaulizwa. Basi wanawekeza kwa wale watakaoipandisha shule.

Sasa usije ukaniuliza mbona napinga mkondo A halafu nakusihi umpeleke binti Msalato. Mwalimu wetu wa hisabati ni mmoja. Akipewa A, B wamenyang'anywa. Zuhura akienda Dodoma hamnyang'anyi mtu mwalimu. Baba yake atasema shule ya kata inabaki bila watoto wa kuwavuta wenzao, na hapo ana haki, inauma. Lakini shule ile inataka walimu wa sayansi na maabara, na huo si mzigo wa kumtwisha mtoto wa miaka 13.

Fikiria jioni yake akibaki. Atembee kutoka shule, ateke maji, apike, alee wadogo zake, ndipo ashike daftari akiwa hoi. Bwenini atapata saa za kusoma ambazo wewe na mimi hatukuzipata. Na shule za namna hii ni za serikali: Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Tabora ya wavulana na ya wasichana, na hiyo Msalato. Ile ada ya bweni ya shilingi 70,000 iliondolewa mwaka 2016. Mtoto wa tajiri ana shule nyingi za kuchagua. Mtoto wa mvuvi ana hii.

Kitu kimoja kinanitia wasiwasi, nacho ni Kiingereza. Zuhura amesoma kila kitu kwa Kiswahili, na kule atakaa dawati moja na waliosomeshwa kwa Kiingereza tangu chekechea. Miezi ya kwanza ataona wamemzidi akili, kumbe wamemzidi lugha tu. Mwambie hilo mapema, tena mwambie baba yake akiwepo. Mwambie pia kwamba huenda asiwe wa kwanza tena darasani, na hakuna atakayemgombeza. Wiki hizi zilizobaki asome Kiingereza kila siku, hata kurasa mbili, kwa sauti.

Nipigie picha fomu ya kujiunga unitumie. Tranka la kaka yake lipo, kufuli tu ndiyo mpya inatakiwa. Ndoo na shuka nitanunua mimi. Vyote nitampa kondakta wa basi la Pangani Ijumaa. Mkipungukiwa nauli ya Dodoma niambie bila kuona haya, tutatafuta. Na baba Zuhura kama bado mgumu, nitakuja Jumapili nikae naye barazani tuzungumze.

Shoga yako,
Mama Faraji