Wenye nyumba, rangi haimalizi fangasi

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme na wenye nyumba, na sisi wapangaji pia, maana mvua kubwa zikikata tu kila mtu anaanza kulalamikia kuta na mwisho wa siku anaitwa fundi rangi. Jamani, rangi siyo dawa ya fangasi! Leo ukuta unapakwa unang'aa, baada ya muda rangi inafura inabanduka na yale madoa meusi yako palepale, tena yametanuka, kwasababu maji yaliyoyaleta hakuna aliyeyagusa.

Kinachoniuma zaidi ni lile jibu la "nyie ndo hamfungui madirisha". Kuna wakati ni kweli. Mvuke wa kupika, wa kuoga, nguo mbichi zinazoanikwa chumbani, vyote hivyo vinaishia kwenye kona na nyuma ya kabati pale hewa isipopita. Lakini doa likianzia juu kwenye silingibodi, hapo dirisha linahusikaje? Panda uangalie paa, angalia na mifereji yake, mara nyingi imeziba majani maji yanafurika yanarudi ukutani. Na doa likianzia chini kwenye sakafu likawa linapanda, maji yanatoka ardhini au kuna udongo umerundikwa nje ya ukuta.

Badala ya kubishana kuna kipimo rahisi sana. Kausha kipande cha ukuta kwa kitambaa, bandika karatasi ya foili, ziba kingo zote kwa selotepu, uache siku moja au mbili. Ukikuta matone upande wa chumbani, huo ni unyevu wa hewa ya ndani, basi mpangaji afungue madirisha mawili yanayotazamana hewa ipite na kabati alisogeze mbali kidogo na ukuta. Foili ikiwa kavu kwa mbele ila ukiibandua nyuma imelowa, ukuta wenyewe ndo umenyonya maji, na hapo ni kazi ya mwenye nyumba, madirisha hayatasaidia kitu.

Halafu msichelewe. Kitu kilicholowa kinaweza kuanza kuota fangasi ndani ya saa 24 hadi 48 tu, sasa mtu anapiga simu leo anaambiwa subiri mwisho wa mwezi, si tayari imeshaota? Godoro, zulia na silingibodi vikishaota mpaka ndani havisafishiki hata usugue vipi, ni kutupa. Inauma najua, lakini kulalia godoro lile kila usiku ni kuvuta vumbi la fangasi, na mwenye pumu, mtoto mdogo au mtu ambaye kinga yake iko chini ndo anaumia kwanza, anakohoa, kifua kinambana.

Kwenye ukuta mgumu au vigae, sehemu ikiwa ndogo isiyozidi kama mita moja ya mraba, mnaweza kusafisha wenyewe. Vaa barakoa inayobana vizuri na glavu, lowesha kwanza ndo usugue kwa maji ya sabuni, ukisugua pakavu unazirusha zile mbegu zake nyumba nzima. Kisha kausha kabisa. Na tafadhali sana, dawa ya klorini usiichanganye na siki wala dawa yenye amonia, inatoa gesi ya sumu. Wala usikaushe chumba kwa jiko la mkaa au kuwasha jenereta ndani, watu wanakufa kwa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala huioni.

Kuna ule unga mweupe pia ambao wengi wanauita fangasi. Udondoshee tone la maji, ukiyeyuka ni chumvi iliyotoka kwenye ukuta, ila nayo inakwambia kuna maji yanapita humo.

Kwahiyo ombi langu kwa wenye nyumba, ile hela ya rangi iende kwanza kwenye paa, mifereji na plasta iliyopasuka. Fundi rangi aje ukuta ukishakauka, hata kama itachukua wiki kadhaa, sisi tutavumilia kuta mbaya kuliko watoto wanaokohoa.

Ni mimi mpangaji, msomaji wako.