Begi la itikafu

Maskati

Mdogo wangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Wape Mama na Baba shikamoo yangu. Nimefurahi mno kusikia umenuia itikafu, kukaa msikitini kwa ibada, kumi la mwisho la Ramadhani, tena peke yako. Mtu wa peke yake hana wa kumwazima sabuni wala wa kumtuma dukani, na kila kilichosahaulika kitakutoa msikitini au kitakutia kwenye maneno ya watu. Kwa hiyo funga begi mapema.

Anza na hesabu. Unaingia kabla ya Magharibi ya mwezi 20 Ramadhani, maana usiku wa 21 unaanza jua likizama. Mwezi ukiandama 29 utapata siku tisa tu, na hapo ndipo khitma za wengi, yaani kuisoma Kurani yote, zinapokatikia njiani. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604. Ukisoma kurasa 12 baada ya kila sala, siku kumi zinakufikisha 600. Kwa siku tisa zinatakiwa 14. Shika 14. Chukua msahafu wako mwenyewe, wa herufi kubwa, kwa sababu usiku taa hupunguzwa, na macho yakichoka usingizi haukawii.

Begi liwe moja, la kitambaa, likae nyuma ya nguzo lisiharibu safu. Godoro la sponji la inchi 2 linatosha, likunjwe na kufungwa kamba kabla ya kila sala. Kanzu tatu, misuli miwili ya kulalia, fulana tano, taulo, shuka mbili. Ya pili ni ya kujifunika: chini ya feni, mwili wenye jasho hupoa haraka alfajiri, na mafua ya siku ya pili hukuharibia zote zilizobaki. Chandarua huenda usiruhusiwe kutundika, basi beba dawa ya mbu ya kupaka. Ile ya kuchoma iache nyumbani, zulia la msikiti si mahali pa moto. Ndara zifunge uzi wa rangi na uziweke kwenye mfuko. Mlangoni zinafanana zote.

Mswaki wa mti chukua miwili, ukate ncha ikichakaa. Kwa madhehebu yetu ya Shafi ni makuruhu, haipendezi ingawa si haramu, kupiga mswaki baada ya jua kupinduka hali umefunga, kwa hiyo usafi wa kinywa ufanye baada ya daku. Kucha kata nyumbani. Kitana chukua bila wasiwasi: Bibi Aisha alikuwa akimchana nywele Mtume (s.a.w.) naye yuko itikafu, amemtolea kichwa tu.

Simu ndiyo itakayokushinda usipoikata mapema. Chukua kitochi kisicho na intaneti, pamoja na saa ndogo ya betri ya kukuamsha. Mweleze Mama kwamba utapiga mara moja kwa siku, baada ya futari. Na chai uanze kuipunguza sasa hivi: anayekunywa vikombe vingi kisha akaacha ghafla huumwa kichwa siku za mwanzo. Maji yanywe kidogo kidogo tangu Magharibi. Ukiyajaza yote wakati wa daku, mengi utayatoa kabla hayajakufaa, na foleni ya choo itakupotezea Alfajiri.

Mama, hili ni lako. Hotipoti ya vyumba viwili inamtosha. Futari iwe tende, uji wa pilipili manga na muhogo au tambi. Vya kukaanga vipungue, maana kiungulia na rukuu haviendi pamoja. Daku isiwe na samaki wa chumvi, atashinda na kiu. Kachumbari ya vitunguu vibichi usimpelekee kabisa, harufu yake inakatazwa msikitini. Kama Baba mdogo naye atakaa, dawa zake za presha aulize daktari saa za kumeza kabla hajaingia.

Jambo la mwisho ni zakatul-fitri, zaka ya chakula ya kumalizia Ramadhani. Ina wakati wake, kabla ya sala ya Idi, nawe utakuwa ndani. Mwachie Mama mchele wako, kilo 2 na nusu kukadiria, na umweleze ni nani wa kupewa. Kanzu ya Idi ibaki nyumbani imepigwa pasi, uletewe mwezi ukiandama.

Uniombee.

Kaka yako