Chemsha bongo za vyuo vikuu: anayebonyeza mapema akakosea akatwe alama

Mhariri,

Naandika kuhusu chemsha bongo za vyuo vikuu kwenye televisheni. Anayetaka kuziandaa kwa Kiswahili asianze na taa na jukwaa. Aanze na kanuni ya kengele, yaani kitufe ambacho kila mchezaji hubonyeza anapotaka kujibu. University Challenge ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1962, hukutanisha timu mbili za wanafunzi wanne wanne. Swali la kufungulia lina alama 10 na hujibiwa na mtu mmoja, bila kunong'onezana. Anayelipata huiletea timu yake maswali matatu ya nyongeza, alama 5 kila moja, na hapo hushauriana. Lakini utamu wote uko kwenye adhabu: ukibonyeza kabla swali halijaisha ukakosea, timu hukatwa alama 5 na wapinzani husomewa swali zima. Ikiondolewa adhabu hiyo, mwenye kidole chepesi atabahatisha kila swali, na mwenye maarifa atabaki akimtazama.

Mitambo nayo iitii kanuni. Kengele ya kwanza izifunge zile saba nyingine, na msomaji wa maswali anyamaze papo hapo, hata katikati ya neno. Kengele ikilia kwenye "mji mkuu wa Bu...", bado haijulikani kama ni Burundi, Bulgaria au Burkina Faso; kwa hiyo silabi moja zaidi ni zawadi kwa aliyekurupuka. Nashauri wasomaji wa maswali wafanyishwe mazoezi ya kukatishwa, kwa mechi kamili zisizorekodiwa, kabla timu hazijaalikwa studioni.