Barua kwa Mwanangu: Fomu Yenye Nafasi Moja

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mama yako na wadogo zako. Sisi hatujambo, wasiwasi ni kwako uliye mbali.

Ndani ya bahasha hii utakuta fomu ya michezo ya mwaka ujao, ile uliyoniachia likizo ilipoisha nami nikakaa nayo wiki mbili bila kuitia kalamu. Sikusahau. Nilikuwa na jambo la kukuambia kwanza, na tulipokuwa uso kwa uso maneno yalinikwama. Mara ya mwisho tulipozungumza habari hii nilikutaka uchague: mpira wa miguu au kikapu. Nilisema kwa ukali, mbele ya wadogo zako, nawe ukanyamaza ukaenda kuosha vyombo. Mama, nilikosea. Ukali ulikuwa kosa, na neno lenyewe lilikuwa kosa.

Neno lile sikulitunga mimi. Kocha wenu wa mpira wa miguu alinivuta kando baada ya mechi ya tatu, zile wiki ambazo ratiba za timu mbili zilipandana, akaniambia una kipaji kikubwa lakini mshika mbili moja humponyoka. Nami nikaibeba methali ile hadi nyumbani kama dawa ya daktari. Kocha ni mtu mwema na anakutakia heri, hilo sina shaka nalo. Lakini tangu siku hiyo nilizitazama mechi zenu zote nikitafuta ni lipi linalokuponyoka, na msimu umekwisha sijaliona.

Nianze na lile bao la nusu fainali. Dakika zilikuwa zimebaki chache na hakuna aliyefunga. Mpira ukatoka upande wetu tuliokaa, beki wenu wa kulia akauchukua aurushe. Wewe ulikuwa umekwisha kuwapita mabeki wao wote, umesimama peke yako, mbele yako golikipa tu. Mzazi aliyekaa kando yangu akashika kichwa: "Kaotea huyo!" Mpira ukarushwa mrefu, ukadunda mara moja, ukaupiga kwa upande wa ndani wa mguu, ukapita chini ya mkono wa golikipa. Wapinzani wote wakainua mikono. Refa akaelekeza kidole katikati ya uwanja.

Mpira wa kurusha hauna kuotea, kama vile kona isivyo na kuotea. Kanuni hiyo naijua tangu utotoni, lakini kuijua ukiwa umekaa ni kitu kimoja, na kuikumbuka miguu imechoka na watu wanapiga kelele ni kitu kingine. Nilipokuuliza baada ya mechi umewezaje, ulinijibu huku unafungua kamba za viatu: "Baba, kwenye kikapu hakuna kuotea kabisa. Nimezoea kusimama wasiponitazama."

Nililisikia jibu hilo nikalipita. Leo ndilo ninaloliwaza zaidi ya bao lenyewe.

Fainali sitaizungumza sana. Mlifungwa kwa penalti, na ya kwako uliipiga ikaingia. Inatosha.

Kisha kikapu. Uliingia kwenye timu umechelewa kwa ajili ya mechi zile za mpira wa miguu, na kocha wa kikapu akakuweka mwisho wa benchi, jambo ambalo ni haki yake. Mechi nne za mwanzo mlifungwa zote. Mimi nilikuwa nimeketi na ile methali yangu, nikisema moyoni unaona sasa. Mechi ya tano, robo ya tatu, akakuita. Wapinzani walikuwa na msichana mrefu pale katikati ambaye hakuna aliyemsogelea akatoka na pointi. Ulipokea mpira umekipa kikapu mgongo. Ukatikisa bega la kushoto kidogo tu, yeye akahama, mguu wako wa mhimili haukuinuka, ukageukia kulia na mpira ukagonga ubao ukaingia. Nikasimama bila kujijua. Ile ilikuwa chenga yako ya pembeni, ile ile ninayoiona kila unapocheza winga, ila safari hii ulikuwa umeishika mikononi.

Nilimkumbuka Hakeem Olajuwon, yule mchezaji wa kikapu kutoka Nigeria. Wewe hukumwona akicheza, ila sisi wa umri wetu tulimwona. Amekulia Lagos, akicheza mpira wa mikono na kudaka golini kwenye mpira wa miguu, na kikapu akakianza akiwa kijana mkubwa tayari. Mwaka 1984 timu ya Houston Rockets ikamchagua wa kwanza kabisa kati ya wachezaji wapya wa NBA, ile ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na 1994 na 1995 wakabeba ubingwa. Watu wazima warefu kuliko milango walikuwa wakimlinda na kubaki wameshika hewa, maana miguu yake haikutabirika, na yeye mwenyewe amesema miguu hiyo ilifundishwa na mpira wa miguu. Steve Nash, mchezaji mwingine wa kikapu, naye ni mtoto wa mchezaji wa mpira wa miguu wa kulipwa, na mchezo huo ndio aliokua nao kabla ya kikapu. Akawa mchezaji bora wa NBA mara mbili mfululizo, 2005 na 2006. Sikutajii hawa ili uote kuwa kama wao. Nawataja kwa sababu nilikuwa nawajua wakati nakuambia uchague, na sikuwakumbuka.

Tena michezo hii ilijuana tangu siku ya kwanza. James Naismith alipobuni kikapu mwezi Desemba 1891, huko Springfield, jimbo la Massachusetts, alikuwa mwalimu mwenye darasa la vijana waliochoka kufungiwa ndani kwa ajili ya baridi. Akapigilia vikapu viwili vya kuvunia matunda kwenye ukingo wa roshani, kimo cha mita 3.05 kama ilivyo hadi leo. Vilikuwa na kitako, kwa hiyo kila mpira ukiingia lazima mtu apande kuutoa. Na mpira wenyewe waliouchezea siku ile ulikuwa mpira wa miguu, maana wa kikapu ulikuwa haujatengenezwa.

Sasa nikuambie kilichonikosesha usingizi.

Siku mwenzako alipoumia nilikuwa safu ya pili, karibu kabisa. Aliruka kuwania ribaundi, ule mpira unaokosa kikapu na kurudi, akaupata, akatua kwa mguu mmoja. Hakuna aliyemgusa. Goti likaingia ndani, nikasikia mlio mdogo kama kijiti kikavu kinapokatika, na soli ya kiatu ikalia sakafuni. Hakupiga yowe. Alikaa ameshika goti kwa mikono miwili akilitazama kana kwamba ni la mtu mwingine. Wewe ndiwe uliyefika wa kwanza. Ulivua koti lako la mazoezi, ukalikunja ukaliweka chini ya mguu wake taratibu, kisha ukakaa sakafuni nyuma yake ili akuegemee mpaka machela ilipokuja. Nilikutazama nikasahau kwamba bado wewe ni mtoto.

Umekwisha kusikia walichosema madaktari: ni ile kano inayopita katikati ya goti na kuuzuia mfupa wa chini usiteleze mbele. Ikikatika na kufanyiwa upasuaji, ni miezi tisa au zaidi kabla ya kurudi uwanjani. Nilipouliza nikaambiwa wasichana hupatwa na jeraha hili kuliko wavulana katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, na mara nyingi hutokea vile vile nilivyoona, mtu anatua peke yake.

Usiku ule nilikuwa na hakika kwamba kocha amesema kweli na lazima nikuondoe kwenye mchezo mmoja. Nikaanza kutafuta mambo ya kusoma ili nikuonyeshe. Nikakuta kinyume. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2016 unaowasihi wazazi wasiharakishe kumfunga mtoto kwenye mchezo mmoja, wangoje angalau afike miaka 15 au 16, kwa sababu mchezo mmoja mwaka mzima huchosha viungo vile vile kwa namna ile ile, na huchosha moyo pia. Wanataka mtoto apate siku moja au mbili za kupumzika kila wiki, na awe na miezi ya kukaa mbali na mchezo wake. Wewe ndiyo kwanza una miaka 15. Wakati wa kuchagua ukifika utachagua wewe, nami nitakuja kukaa pale pale safu ya pili.

Hata hivyo karatasi za madaktari sizo zilizonigeuza. Wiki iliyofuata nilifika mapema kwenye mechi yenu, ukumbi bado haujajaa. Nikakukuta umewapanga wenzako wa kikapu mistari miwili, mnafanya yale mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+, yaliyotungwa kupunguza majeraha, ambayo kocha wa mpira wa miguu aliwafundisha, yale ya dakika 20: kukimbia taratibu, kukaza tumbo na misuli ya nyuma ya paja, kusimama kwa mguu mmoja, halafu kuruka na kutua. Ulikuwa unapita katikati yao umeinama, macho kwenye magoti. "Goti lisiingie ndani. Pinda. Tua kimya, nisisikie kishindo." Mmoja alitua vibaya, ukamshika nyonga ukamrudisha, akaruka tena, na tena, mpaka ukaridhika. Kocha wa kikapu alikuwa amesimama pembeni amekunja mikono, anatazama tu. Hakuna aliyekutuma.

Nilirudi nje nikasimama kidogo kwenye hewa. Kama ningefaulu kukuondoa kwenye mchezo mmoja, wale wasichana kumi wangekuwa wanaruka tu bila kujua.

Najua mitupo huru miwili ya mechi ya mwisho bado inakuuma. Mama yako ameniambia ulilia bwenini. Mita 4.6 kutoka kwenye ubao, hakuna anayekuzuia, ukumbi mzima umenyamaza, sekunde tano za kurusha. Sina ninachoweza kukufundisha hapo, mimi sijawahi kusimama mahali kama pale. Nilichokiona ni kwamba mpira wa pili ulipogonga ringi ukatoka, wenzako walisimama kushika vichwa, wewe ulikuwa umekwisha kugeuka unakimbia kurudi kulinda. Ulifika kabla yao wote, ukaziba njia, wakakosa kufunga. Mlifungwa kwa pointi moja, wala si tatu. Hilo nalo lilitokea, ulikumbuke pamoja na lile lingine.

Nina ombi moja. Siku ya kupumzika iwe ya kupumzika kweli. Usiende kupiga danadana eti ni mchezo tu, wala kurusha vikapu hamsini kabla ya kulala. Wiki za kupandana ratiba zikija tena, waambie makocha wote wawili mapema, kwa adabu, wakutane wao wenyewe wagawane siku zako. Wasikuache uwabebee ujumbe huku na huku. Wakishindwa kuelewana niite, nitakuja.

Fomu ina nafasi moja tu penye jina la mchezo. Nimeandika yote miwili, herufi nimezibana zikaenea, na chini nimetia saini. Kocha wa mpira wa miguu nimemwandikia barua yake peke yake kumweleza. Iko humu humu, mpe mkononi mwenyewe na umsalimie.

Mwenzako nimemtembelea Jumapili. Ameanza kutembea kwa magongo na ameniuliza mnatua kimya au bado. Lile koti lako lilikuwa limebaki hospitalini, mama yake amelirudisha, na mama yako amelifua na kulishona mkono uliofumuka. Nitakuja nalo siku ya kutembelewa.

Ni mimi baba yako.